Kabla ya Kulipia Chumba cha Meli: Kushoto au Kulia?

Msafiri wa Mtwara au Lindi anayepanga kupanda meli ya kitalii, awe anaipandia Zanzibar, Mombasa au Durban, huulizwa na wakala wa safari swali ambalo wengi hulijibu kwa kubahatisha: chumba kiwe upande wa kushoto au wa kulia? Ushauri mwingi unaopatikana umeandikwa na watu waliosafiri pwani za mbali, kama ile ya Norwei, ambako meli inayokwenda kaskazini huiacha nchi kavu upande wake wa kulia. Ushauri huo ukiletwa huku kwetu hugeuka kinyume, kwa kuwa meli inayotoka Mtwara kuelekea Dar es Salaam huiacha bara kushoto na bahari kuu kulia. Upande mmoja haufai kuliko mwingine mpaka ijulikane njia ya meli, saa za safari na msimu, na ni vyema mambo hayo yaulizwe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kwanza msafiri ahakikishe kwamba yeye na wakala wanazungumzia upande uleule. Kushoto na kulia kwa meli ni kwa mtu aliyesimama akitazama omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, wala si kwa mtu aliyelala kitandani au aliyeegemea roshani. Usiku meli hubeba taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia. Kampuni nyingi huweka vyumba vya namba shufwa upande mmoja na vya namba witiri upande wa pili, lakini mpangilio huo haufanani katika kampuni zote, kwa hiyo asikubali kuambiwa kwa mdomo tu. Aombe ramani ya sitaha, akione chumba chake kwa macho, na aone pia kama mbele ya dirisha hakukuning'inizwa mashua za kuokolea, ambazo huziba mandhari kabisa huku bei ikipunguzwa kidogo tu.

Baada ya hapo isomwe ratiba, na isomwe pamoja na saa zake. Meli inayotoka Zanzibar kwenda kusini itakuwa na Kilwa, Lindi na Mtwara upande wa kulia, na ikirudi kwa njia ileile zitakuwa upande wa kushoto. Maana yake ni kwamba katika safari ya kwenda na kurudi kila upande hupata zamu yake, na sioni sababu ya kulipa ziada kwa ajili hiyo. Hata zamu hiyo huenda isimfae mtu kitu. Meli za kitalii kwa kawaida husafiri usiku na kuingia bandarini asubuhi, na katika pwani hii jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, hivyo meli iliyong'oa nanga alasiri huweza kupita delta ya Rufiji na visiwa vya Kilwa gizani, na abiria wa pande zote mbili wakaona taa chache tu au wasione kitu. Aidha, meli kubwa hukaa mbali na miamba, na kwa umbali huo bara huonekana kama mstari mwembamba hata saa sita mchana.

Mandhari yenye thamani hupatikana wakati wa kuingia na kutoka bandarini, na hapo ndipo pa kuuliza kwa makini. Meli inayoingia Mtwara kutoka bahari kuu hupita mkondo mwembamba, Msangamkuu ikiwa kushoto na Shangani kulia, na katika nafasi finyu kama ile kila upande una cha kutazama. Mahali ambapo meli hutia nanga mbali na ufuko na abiria kushushwa kwa mashua, kama wageni wengi wa Kilwa Kisiwani wanavyofika, suala la upande halina uzito mkubwa, kwa sababu meli iliyo kwenye nanga moja huzunguka taratibu kufuata maji na upepo. Gatini ni tofauti. Upande mmoja hubaki ukitazama ghuba kutwa nzima, na mwingine hutazama winchi, malori na makontena ya korosho, pamoja na kelele za ngazi ya abiria. Nahodha ndiye anayeamua, kwa kushauriana na rubani wa bandari, meli ifunge upande gani, na uamuzi huo huweza kubadilika siku yenyewe. Wakala anayeahidi kwamba chumba kitatazama maji katika kila bandari anaahidi asichokimiliki.

Jua nalo lina hesabu yake. Abiria wa basi la alfajiri kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam anajua kwamba atapigwa na jua upande wa kulia asubuhi na kwamba wa kushoto wataonja zamu yao baada ya adhuhuri. Meli inayofuata pwani haina tofauti. Tofauti huja meli inapoelekea mashariki au magharibi. Mtwara ipo takribani nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo, tangu mwishoni mwa Februari hadi kama tarehe 20 Oktoba, jua la mchana huwa kaskazini yetu. Meli inayokwenda Komoro mwezi Juni itaunguza roshani za kushoto karibu kutwa nzima na kuziacha za kulia kivulini. Desemba mambo hugeuka, kwani jua limehamia kusini. Mwenye watoto wadogo, au mtu anayepanga kupumzika chumbani mchana, asilipuuze jambo hili.

Upepo ndio ambao washauri wa mbali hawawezi kutusaidia hata kidogo, ilhali wavuvi wa Mikindani wangetoa jibu bila kufikiri. Upepo wa kusi hutoka kusini-mashariki na wa kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, yaani pepo zote mbili kubwa za mwaka hutufikia zikitokea baharini. Kwa hiyo upande unaotazama bara ndio wenye utulivu katika misimu yote miwili: kushoto kwa anayekwenda kaskazini, kulia kwa anayekwenda kusini. Mwezi Julai, kusi ikiwa imekolea, roshani ya upande wa bahari huweza kuwa mahali pasipokalika, vikombe vikiruka na chumvi ikiganda kwenye kioo, hasa katika sitaha za chini. Wazee waliosafiri kwa meli kati ya Mtwara na Dar es Salaam, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 katika Mto Rufiji, hawahitaji kuelezwa habari hizi.

Kwa anayeogopa kuchafukwa na roho, upande haumsaidii, maana meli ikiyumba huyumba kwa pande zote mbili. Kinachosaidia ni chumba cha katikati, mbali na omo na tezi (sehemu ya nyuma ya meli), na cha sitaha ya chini. Kwa maoni yangu ziada yoyote iliyopo ielekezwe huko kabla ya kufikiriwa kushoto na kulia. Anayechukua chumba cha ndani kisicho na dirisha hana haja ya hesabu hizi zote.

Mwisho aulize aina ya tiketi. Zipo tiketi za bei nafuu ambazo kampuni huahidi daraja la chumba tu, kisha yenyewe ikachagua namba siku chache kabla ya safari. Aliyenunua tiketi hiyo hawezi kudai upande. Anayetaka kuchagua anunue tiketi inayotaja namba ya chumba tangu mwanzo, na namba hiyo aione imeandikwa kwenye uthibitisho kabla ya kukamilisha malipo.