Matapishi kwenye boti ya Pemba: namna ya kuyasafisha

Boti ya Pemba ikishapita Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, na kukosa kinga ya kisiwa, hasa wakati wa kusi, abiria huanza kutapika. Wengi wamelewa bahari tu. Lakini kwa kumtazama mtu huwezi kujua kama ni bahari au ana ugonjwa wa tumbo wa kuambukiza, kwa hiyo kila tapishi lichukuliwe kuwa lina vijidudu.

Kosa la kwanza ni dekio. Baharia analipitisha juu ya tapishi halafu anadeki mpaka nyuma. Uchafu uliokuwa chini ya kiti kimoja sasa ni wa ukumbi mzima. La pili ni kumwaga jiki juu yake moja kwa moja. Mabaki ya chakula huimaliza nguvu klorini iliyomo kwenye jiki kabla haijaua kitu, ikabaki harufu tu.

Fanya hivi. Waondoe abiria wa karibu, vaa glovu na barakoa, kisha funika tapishi kwa gazeti au vumbi la mbao mpaka linyonye majimaji. Likusanye kwa kipande cha boksi gumu, ukitoka pembeni kuja kati, utie kwenye mfuko na uufunge. Osha sakafu kwa maji ya sabuni. Hapo ndipo klorini inapoingia.

Jiki ya asilimia 3.5 inachanganywa kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji baridi, unapata asilimia 0.5. Klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 70 ni gramu 70 kwa ndoo ya lita 10. Tia unga kwenye maji. Soma chupa kwanza, kwani jiki hazilingani nguvu. Lowesha sakafu, mikono ya kiti na vishikio vya karibu, kisha uache dakika 10. Hizi dakika ndizo zinazoibiwa zaidi: mtu anamwaga na kufuta papo hapo, kazi yote bure. Zikitimia, suuza kwa maji matamu, maana klorini hula aluminiamu na vyuma vya viti. Dawa iliyochanganywa jana imwagwe, haina nguvu tena.

Zulia na viti vya kitambaa klorini huvichujua rangi. Tumia maji ya moto na sabuni, ukaushe vizuri, na asikae mtu hapo safari hiyo.

Chooni, usichanganye kamwe jiki na dawa ya asidi ya kung'arishia masinki. Hutoka gesi ya klorini, na choo cha boti ni kidogo, hakina hewa. Ndoo na dekio la choo liwe la rangi yake, lisiingie ukumbini. Sabuni na maji ya kunawa visikosekane, kwani vitakasa mikono vya spiriti havitoshi kwa baadhi ya virusi vya kuhara.

Abiria anayeharisha maji meupe kama ya mchele huyo si bahari. Mkalishe karibu na choo ambacho wengine hawatakitumia, mpe ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini) iliyochanganywa kwa kipimo cha kwenye pakti, na nahodha awaarifu maofisa wa afya wa bandarini kabla ya kufunga gati bandari ya Mkoani, Pemba.