Jinsi ya kuchukua tenda ya kusafisha ndege ukiwa na kampuni ndogo: uzoefu wa uwanja wa Mwanza

Nilianza na nyumba za wageni mbili pale Kirumba, nikaongeza ofisi tatu za mjini. Siku moja meneja wa kampuni ndogo ya ndege akaniuliza kama vijana wangu wanaweza kusafisha Caravan, ndege ndogo ya injini moja. Nikasema ndiyo kabla sijajua ninakubali nini. Kutojua kwangu nilikulipia fedha taslimu, na nitaeleza kwenye hatua ya 3. Haya ndiyo ningetaka mtu aniambie siku ile.

Hatua ya 1: Karatasi, na mlango wa kuingilia

Usajili wa BRELA, TIN, leseni ya biashara, OSHA, NSSF na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: kama unafanya usafi wa maofisi kihalali, hivi unavyo tayari. Cha kuangalia upya ni bima ya dhima, ile inayolipa hasara unayomsababishia mwingine. Soma maandishi madogo, maana bima nyingi za kawaida hazigusi kazi ya ndani ya uzio wa uwanja wala uharibifu wa ndege. Mwulize mteja anataka bima ya kiasi gani kabla hujampa bei.

Tenda za mashirika ya umma zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni ulioanza kutumika 2023. Jisajili hata kama huna tenda unayoiwinda. Kuna asilimia 30 ya ununuzi wa umma iliyotengewa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Lakini usianzie na ndege kubwa. Anza na wenye ndege ndogo, au omba kazi chini ya kampuni inayohudumia ndege uwanjani, iliyo na mkataba tayari na inayolemewa msimu wa sikukuu. Mteja wa kwanza anakupa barua ya utambulisho, na barua hiyo ndiyo itakayofungua mlango wa pili.

Hatua ya 2: Pasi za uwanjani

Hakuna anayevuka kwenda kwenye maegesho ya ndege bila pasi ya mamlaka ya uwanja. Kila mfanyakazi atahitaji kitambulisho, uthibitisho wa polisi kwamba hana rekodi ya uhalifu, na mafunzo ya usalama. Hili halimalizwi kwa siku mbili, kwa hiyo ukihitaji watu 4 kila zamu, ombea pasi watu 7. Mmoja ataumwa, mwingine atapata kazi kwingine, na huwezi kumchukua deiwaka wa barabarani kuziba pengo kama ulivyozoea kwenye majengo. Anayeacha kazi arudishe pasi kabla ya kulipwa mshahara wa mwisho.

Hatua ya 3: Jifunze usichotakiwa kugusa

Kijana wangu, mchapakazi kweli, alichukua dawa ya vioo tuliyokuwa tunatumia ofisini akapulizia madirisha ya ile Caravan. Yaling'aa. Baada ya muda yakaonyesha ukungu na mistari myembamba kama utando wa buibui. Dirisha la abiria si kioo, ni plastiki aina ya akriliki, na dawa zenye amonia au spiriti huila. Nilikatwa malipo ya mwezi ule na sikuwa na la kujitetea.

Tangu hapo tunafuata kanuni moja: dawa haipandi ndegeni mpaka injinia wa mteja aikubali kwa maandishi. Waundaji wa ndege wana viwango vyao. Boeing, kwa mfano, wana waraka D6-7127 wa vifaa vya kusafishia ndani, na muuzaji wa dawa anayejua kazi yake atakuonyesha cheti kinachoutaja. Jiki iache nyumbani. Klorini inakula aluminiamu, na ndege nyingi zimejengwa zaidi kwa aluminiamu.

Maji pia ni adui. Pulizia dawa kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kiti, taa au vitufe. Chumba cha marubani usiingie bila kuitwa, tena injinia au rubani awepo. Vishikio vya milango ya dharura na vifuniko vya hewa ya oksijeni havipanguswi kwa bidii ya kuonyesha umefanya kazi. Nguo za viti zina kinga dhidi ya moto, na ukizifua kwa sabuni yoyote ile unaweza kuiondoa kinga hiyo. Zifuliwe kwa maelekezo ya mtengenezaji tu.

Boya la kujiokolea lililo chini ya kiti unaliangalia kama lipo, hulivuti. Ukikuta pengo, unaripoti papo hapo. Kwetu hili halihitaji hotuba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilitumbukia ziwani Bukoba, wakafa watu 19, na wavuvi ndio waliofika mwanzo.

Kuna mambo mawili ya huku kwetu ambayo hutayakuta kwenye kitabu cha mtu wa Ulaya. La kwanza ni samaki. Abiria wa Mwanza haendi Dar mikono mitupu, na boksi la sangara likivuja, zulia linanuka wiki nzima. Nyonya maji kwanza kwa kitambaa kikavu, tumia maji baridi na dawa iliyoidhinishwa. Maji ya moto yanaifungia harufu ndani. Kisha mwambie injinia, kwa sababu majimaji yale yakipenya chini ya zulia yanaanza kula sakafu. La pili ni wadudu wa ziwani. Usiku wanapopanda kama moshi, mlango ukiwa wazi na taa zinawaka, wanajaa. Usiwapanguse na kitambaa kibichi, watageuka uji. Wanyonye kwa mashine wakiwa wakavu.

Hatua ya 4: Panga dakika

Usafi uko wa aina tatu: wa kugeuza, pale ndege inapotua na kuondoka, wa ndege iliyolala, na ule mkubwa wa kufungua kila kitu. Watu wa daladala wanaelewa haraka neno kugeuza. Q400 ya Air Tanzania, ndege ya mapangaboi mawili, ina viti 76. Ikipewa dakika 30 chini, toa muda wa abiria kushuka na kupanda, unabaki na kama 8 au 10.

Wawili waanze mbele, wawili nyuma: takataka, mifuko ya viti, meza, mikanda ikunjwe, sakafu mwisho. Wa choo awe na vitambaa vya rangi yake, visikutane na vya meza. Tangi la choo si kazi yako, lina watu wake. Hesabu vifaa mnapopanda na mnaposhuka, hata kifuniko cha chupa, maana kitu kidogo kikidondoka kwenye maegesho kinaweza kumezwa na injini. Simu au pochi iliyosahaulika inaandikwa na kukabidhiwa kwa saini, hata kama ni ya shilingi elfu mbili.

Fanyeni mazoezi chini. Sisi tulipanga viti vya plastiki ukumbini, safu mbili mbili, nikashika saa. Mara ya kwanza tulitumia dakika 23.

Hatua ya 5: Bei

Wengi wanapotelea hapa. Chukulia ndege moja inayolala, watu 4 kwa shilingi 15,000 na msimamizi 20,000: hiyo 80,000. Usafiri wa usiku kwa watano, 20,000. Dawa 18,000, kufua vitambaa 5,000. Jumla 123,000. Ongeza asilimia 20 kwa ajili ya bima, pasi na mafunzo, ni kama 148,000. Weka faida ya asilimia 15, unafika 170,000. Mteja atakata kodi ya zuio ya asilimia 5, mkononi inaingia 161,500.

Sasa angalia mtaji. Mkataba ukisema malipo ndani ya siku 60, na ankara inatoka mwisho wa mwezi, fedha ya kwanza unaiona siku ya 90. Kwa 123,000 kila usiku, hiyo ni 11,070,000 inayotoka mfukoni mwako kabla hujapokea senti. Kama huna, omba siku 30, au chukua ndege moja badala ya tatu. Mimi nilichukua moja, na walionicheka mwaka ule wengine wameshauza mashine zao.

Hatua ya 6: Vipengele vya kudai, na karatasi ya saini

Dai malipo ya kusubiri. Ndege iliyopangwa kutua saa tatu na nusu usiku inaweza kutua saa saba, na vijana wako wamekaa. Andikeni kwamba baada ya saa moja ya kuchelewa, kila saa ina bei yake. Matapishi na damu viwe na bei tofauti, kwa kuwa vinahitaji glovu, mifuko maalumu na muda wa ziada.

Kila usafi uwe na karatasi: namba ya ndege, muda wa kuanza na kumaliza, kasoro mlizokuta (meza iliyovunjika, zulia lililochanika), na saini ya injinia au mhudumu kabla hamjashuka. Ipige picha hapohapo chini ya ngazi, uitume kwenye simu ya ofisi. Mwisho wa mwezi ziambatanishe zote na ankara, na ankara hiyo ifike kwa mhasibu wao tarehe 1 asubuhi.