Somo: Kumwombea mtoto kipimo cha vipaji katika shule ya msingi Marekani

Somo hili ni la wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili, wenye watoto wa chekechea hadi darasa la 5 katika shule za serikali Marekani. Linahusu masomo ya ziada kwa watoto wanaoelewa haraka kuliko wenzao: namna ya kuomba, kipimo kinavyokwenda, na hasa namna ya kusoma karatasi ya majibu. Kwenye karatasi hiyo ndipo watoto wetu wengi hupotelea. Kiingereza kikiwa bado kichanga, jumla ya alama hushuka, na mtu mwenye haraka huishia kwenye jumla.

Kwanza elewa kwamba hakuna sheria moja ya nchi nzima inayolazimisha huduma hizi. Kila jimbo lina yake. Texas inazitaka wilaya zote za shule ziwe na programu. Ohio inazilazimisha wilaya kuwatambua watoto hao, lakini haizilazimishi kuwahudumia, kwa hiyo unaweza kupewa barua nzuri ya pongezi na mtoto akabaki palepale alipokuwa. Kentucky huwaweka watoto wa madarasa ya chini katika kundi la awali, na utambuzi rasmi huanza darasa la 4. Pennsylvania ndiyo yenye meno zaidi kwa mzazi: ukishasaini idhini, shule ina siku 60 za kalenda kumaliza tathmini, bila kuhesabu likizo ya kiangazi, na mtoto akifuzu anaandikiwa mpango wake binafsi uitwao GIEP.

Hatua ya 1: Jua jina linalotumika kwenu

Jina hubadilika toka wilaya moja hadi nyingine. Kwenye barua za shule tafuta herufi hizi: GT, TAG, GATE, AIG (huko North Carolina), AAP (Fairfax, Virginia). Piga simu ofisi ya shule, omba kuzungumza na mratibu wa programu hiyo, na uliza mambo matatu: watoto wote wa darasa hupimwa au ni wanaoombewa tu? Ni kipimo gani? Mwisho wa kupeleka fomu ni lini?

Swali la kwanza lina uzito. Pale ambapo mwalimu au mzazi lazima aombe, watoto wa wahamiaji na wa familia za kipato kidogo huachwa nje. Wilaya moja kubwa ya Florida ilipoanza kupima darasa zima mwaka 2005, idadi ya watoto wa makundi hayo waliotambuliwa iliongezeka sana, na watoto ni walewale.

Tarehe nazo ni mtego. Marekani mwezi hutangulia: 10/03 ni Oktoba 3, wala si Machi 10. Na 8:30 AM ni saa mbili na nusu asubuhi kwa saa zetu.

Hatua ya 2: Omba kwa maandishi

Maneno ya mlangoni na mwalimu hayaachi alama. Andika barua pepe fupi yenye jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, darasa, sentensi moja ya kuomba apimwe, lugha ya nyumbani, na tarehe ya siku hiyo. Ongeza mambo mawili au matatu ambayo mtoto hufanya na mwalimu hayaoni: anahesabu chenji dukani bila karatasi, anawatafsiria wadogo zake, anasoma Kiswahili au Kifaransa. Usiandike "ana akili sana", andika anachofanya.

Mkalimani ni haki yako na ni bure, kwa msingi wa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Usikubali mtoto mwenyewe awe mkalimani wa kikao kinachomhusu.

Hatua ya 3: Kagua faili kabla ya kipimo

Hatua hii wengi huiruka. Omba uone mambo mawili kwenye faili.

La kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Familia nyingi zilizopitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, Kakuma au Nakivale zimeandikiwa watoto Januari 1. Vipimo hivi hulinganisha mtoto na wenzake wa umri uleule, kwa miezi. Mtoto aliyezaliwa Oktoba akiandikwa Januari ya mwaka huohuo, analinganishwa na watoto wanaomzidi miezi tisa, na alama zake zinashuka bila kosa lake. Kurekebisha hati ni safari nyingine ndefu. Kwa sasa mwandikie mratibu kwamba tarehe ni ya kukadiria, na uombe waangalie pia ulinganisho wa darasa. CogAT, kipimo cha uwezo wa kufikiri kinachoelezwa katika hatua ya 4, hutoa ulinganisho wa aina zote mbili, wa umri na wa darasa.

La pili ni kiwango cha Kiingereza. Majimbo mengi hutumia kipimo cha WIDA, Texas ina TELPAS, Ohio ina OELPA. Hakikisha anayepima anajua kwamba mtoto bado anajifunza Kiingereza, kwa sababu kuna njia zilizowekwa kwa ajili yake.

Hatua ya 4: Jua kinachopimwa

CogAT ndicho utakachokutana nacho mara nyingi. Kina sehemu tatu, maneno, namba na maumbo, na kila sehemu ina vipengele vitatu. Kwa watoto wa chekechea hadi darasa la 2 maswali ni ya picha. Kipengele kimoja tu, cha kukamilisha sentensi, ndicho kinachosomwa kwa sauti, na kipo kwa Kiingereza au Kihispania. Kwa anayejifunza Kiingereza shule inaweza kuruka kipengele hicho na kukokotoa alama mbadala ya maneno. Iombeni. Kuanzia kiwango cha darasa la 3 sehemu ya maneno inahitaji kusoma Kiingereza, hivyo ukiwa na nafasi ya kuchagua, omba mtoto apimwe akiwa darasa la 2.

NNAT ni maumbo matupu: maswali 48 kwa dakika 30, bila kusoma chochote.

Vipimo vya MAP na i-Ready ni kitu kingine. Hivyo hupima alichofundishwa katika kusoma na hesabu. Mtoto aliyekatizwa shule miaka miwili atafanya vibaya huko hata kama ni mwepesi wa kufikiri, kwa hiyo usikubali viwe kigezo pekee.

Hatua ya 5: Mzoeshe, usimkaririshe

Vitabu vya mazoezi vya bei kubwa si lazima. Kinachomwangusha mtoto ni ugeni wa aina ya swali, na ugeni huo huisha kwa dakika 15 kwa siku, wiki mbili.

Kukunja karatasi: kunja mara moja, toboa tundu moja, muulize yatakuwa mangapi ikikunjuliwa na yatakaa wapi. Mawili. Kunja mara mbili, toboa: manne. Mwache achore kabla hujakunjua. Watoto hupata idadi lakini hukosea mahali, wanayapanga yote upande mmoja.

Uhusiano wa namba: 2 inakuwa 4, 5 inakuwa 7, je 9? Mwenye pupa huona 2 na 4, anasema ni mara mbili, anajibu 18. Jozi ya pili ndiyo inayoamua: ni kuongeza 2, jibu 11. Mzoeshe kuikagua kanuni kwenye jozi zote mbili.

Kundi: mbuzi, ng'ombe, kondoo. Nani anaungana nao kati ya simba, punda na kuku? Atakayesema simba kwa kuwa "wote wanyama" ameshika kundi pana mno. Muulize, "Na kuku si mnyama pia?" Atarudi mwenyewe kutafuta kinachowabana zaidi, yaani wafugwao wenye miguu minne. Zoezi hili lifanyeni kwa Kiswahili, fikra ni ileile.

Jambo moja la malezi yetu: mtoto aliyefundishwa asijibu mbele ya mkubwa mpaka awe na hakika huacha maswali wazi. CogAT haikati alama kwa jibu la kosa. Mwambie waziwazi kwamba hapa kubahatisha kunaruhusiwa, na si utovu wa adabu.

Siku yenyewe alale mapema na apate kifungua kinywa, na miwani isisahaulike. Akiamka na homa, piga simu shule waahirishe.

Hatua ya 6: Soma karatasi ya majibu

Kwenye karatasi ya CogAT utakuta alama za aina tatu. SAS, yaani alama sanifu ya umri, ina wastani wa 100. Pasentaili si asilimia ya maswali aliyopata: pasentaili 90 maana yake amewapita takriban watoto 90 kati ya 100 wa umri wake. Stanaini ni daraja la 1 hadi 9.

Tuseme karatasi ina SAS hizi: maneno 92, namba 121, maumbo 126. Jumla itavutwa chini na maneno, na barua itasema hakufikia kiwango. Sasa angalia kona yenye herufi na alama. Utaona 8E(V–). Hiyo 8 ni stanaini ya katikati kati ya zile tatu. E inaonyesha pengo kubwa sana kati ya sehemu, pointi 24 au zaidi. V– inaonyesha kwamba maneno ndiyo yaliyo chini. Kwa mtoto aliyeingia nchini miaka miwili iliyopita, V– hiyo mara nyingi ni Kiingereza. Omba waangalie alama ya namba na maumbo pekee, iitwayo QN, ambayo kipimo chenyewe hutoa.

Hatua ya 7: Rufaa

Muda ni mfupi, mara nyingi wiki chache toka tarehe ya barua. Rufaa yenye nguvu haisemi "mmekosea." Inataja alama ya sehemu kwa sehemu, kiwango cha Kiingereza siku ya kipimo, suala la tarehe ya kuzaliwa kama lipo, na ombi moja lililo wazi: apimwe kwa NNAT, au QN izingatiwe. Ambatisha kazi mbili tatu za mtoto. Ohio, kwa mfano, wilaya lazima itoe angalau nafasi mbili za kupimwa kwa mwaka, hivyo kukosa ya Oktoba si mwisho wa mambo.

Maswali ya wazazi na walezi

Mama Neema: Mwanangu bado yuko ESL, masomo ya wanaojifunza Kiingereza. Akiingia programu hii, atatolewa ESL?
Hapana, Mama Neema. Ni huduma mbili tofauti na anastahili zote. Ila uliza ratiba: shule zingine huweka masomo hayo mawili saa ileile, mtoto akalazimika kuchagua. Omba moja isogezwe.

Baba Baraka: Tuanze kuongea Kiingereza nyumbani ili alama za maneno zipande?
Msifanye hivyo. Sehemu ya maneno hupima kulinganisha na kupanga mawazo. Mtoto anayesimuliwa na kuulizwa "kwa nini" kwa Kiswahili kizuri anajenga uwezo huo. Kiingereza cha kubabaisha hakimpi nafasi hiyo.

Mlezi, Columbus: Kuna daktari wa saikolojia anapima kwa malipo. Inafaa?
Kipimo cha shule ni bure, anza nacho. Cha binafsi hugharimu mamia ya dola. Ohio hupokea alama za nje endapo kipimo kimo katika orodha ya jimbo na mpimaji ana sifa. Kwingine wilaya inaweza kuzikataa kabisa. Pata jibu la wilaya kwa maandishi kabla ya kulipa.

Dada wa Lancaster: Mdogo wangu ana IEP, mpango binafsi wa elimu maalumu, kwa shida ya kusoma. Mwalimu anasema hawezi kuwa na vyote viwili.
Anaweza, dada. Kuna watoto wenye ulemavu wa kujifunza na uwezo mkubwa kwa pamoja. Nafuu zilizoandikwa kwenye IEP, kama muda wa ziada au chumba chenye utulivu, ziulizie kabla ya siku ya kipimo.

Mama wa mapacha: Wamefuzu. Nitegemee nini hasa?
Uliza saa ngapi kwa wiki, na nani anafundisha. Kuna shule zinazowatoa watoto darasani saa moja kwa wiki, zingine huwakusanya wenye uwezo ndani ya darasa moja, zingine huwapandisha somo moja tu, mfano hesabu za darasa la juu. Kuruka darasa zima ni ombi tofauti lenye tathmini yake. Na kwa mapacha: kila mmoja ana karatasi yake, msikubali uamuzi mmoja kwa wote wawili.

Baba Amani: Tunahamia Texas kutoka Kentucky. Hadhi yake inahama naye?
Si lazima. Wilaya mpya inaweza kumpima upya. Kabla ya kuondoka chukua nakala kamili ya ripoti, si ile barua ya ukurasa mmoja, pamoja na jina la kipimo, toleo, kiwango na tarehe aliyopimwa. Ibebe mkononi, kwani faili za shule kwa shule huchelewa, na dirisha la maombi huko mnakokwenda halitawasubiri.