Dirisha la Julai: namna ya kujua timu yako inahitaji mrushaji gani

Julai ikifika katikati, madereva wenzangu huanza kunitumia sauti za WhatsApp wakiuliza Twins wa Minnesota wamchukue nani. Mimi huwajibu kwa swali: ngwe zipi (innings, vile vipindi tisa vya mechi) hazina mwenyewe? Ukianza na majina, utamtaka kila mrushaji (pitcher) anayetajwa redioni, na mimi ninayeisikiliza redio hiyo kutoka Fargo hadi Chicago nakwambia haiishiwi majina. Haya nawaandikia Waswahili wenzangu wa huku Marekani ambao besiboli wameshaizoea, wanajua auti tatu na bezi nne, lakini mwisho wa Julai ukifika, dirisha la kubadilishana wachezaji likikaribia kufungwa, mazungumzo yanawapita juu ya kichwa. Utahitaji karatasi, kalamu, na moyo wa kutojidanganya kuhusu timu unayoipenda.

Hesabu ya ngwe

Msimu una mechi 162, kila mechi ngwe tisa. Zidisha: ngwe 1,458, na kila moja lazima ipate mtu wa kuirusha. Mrushaji wa kuanza aliye mzima hupanda kilimani, pale pa kurushia mpira, kila baada ya siku nne au tano, kwa hiyo hupata zamu 30 hadi 32 kwa mwaka. Siku hizi makocha huwatoa mapema. Mpe ngwe tano na nusu kwa zamu, utapata kama 170. Watano wa hivyo wanafanya 850. Zaidi ya 600 zinazobaki ni za bulpeni, yaani wale wanaoingia baada yake.

Dirisha linapofungwa, timu nyingi huwa zimebakiza mechi hamsini na kitu. Tuseme 54: ngwe 486. Andika jina la kila mrushaji, na mbele ya jina andika ngwe unazoamini atazirusha kuanzia Agosti mosi. Unazozitamani ziweke moyoni. Jumlisha, toa kwenye 486, na pengo linalobaki ndilo hitaji la timu yako. Mara nyingi utakuta halihusiani kabisa na yule nyota anayezungumzwa.

Majeruhi ndio wanaovuruga hesabu za watu wengi. Upasuaji wa Tommy John, ule wa kutengeneza upya kano ya kiwiko ambao Daktari Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1974, humweka mrushaji nje mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Aliyepasuliwa Aprili mfute jina. Aliye kwenye orodha ya siku 15 kwa "uchovu wa bega" mpe nusu tu ya ngwe ambazo klabu inaahidi, maana akipona itabidi kwanza akarushe mechi chache kwenye ligi za chini ili kuuzoesha mkono. Na kijana ambaye mwaka jana alirusha ngwe 90, usimwandikie 180 mwaka huu. Klabu yenyewe itamzuia Septemba hata kama anawamaliza wapigaji.

Agosti au Oktoba?

Ukishaona pengo, jiulize ni la lini. Agosti na Septemba mechi ni karibu kila siku, unahitaji watu watano wa kuanza, pengine hata wa sita. Oktoba, kwenye hatua ya mtoano, kuna siku za mapumziko katikati, kwa hiyo watatu au wanne wanatosha na waliobaki huhamia bulpeni. Mrushaji wa tano ni tairi la akiba: barabarani huwezi kutoka bila hilo, lakini hakuna anayelinunua kwa bei ya injini.

Chukua Dodgers wa Los Angeles, mwaka 2024, mfano ninaoupenda kuliko yote. Julai ile Yoshinobu Yamamoto alikuwa nje kwa bega, Walker Buehler nje kwa nyonga, Clayton Kershaw ndio kwanza anarudi, na Shohei Ohtani alikuwa anapiga tu kwa sababu kiwiko chake kilipasuliwa mwaka uliotangulia. Majina makubwa matupu, na ngwe hakuna. Julai 29 wakampata Michael Kopech wa White Sox, mrushaji wa bulpeni mwenye mpira wa kasi. Kesho yake wakamchukua Jack Flaherty kutoka Detroit. Agosti Tyler Glasnow naye akaumia kiwiko na hakurudi tena msimu ule. Oktoba ikawakuta na watu watatu wa kuanza: Yamamoto, Buehler, na Flaherty ambaye miezi mitatu nyuma hakuwa wao.

Kwenye mtoano, mechi ya nne dhidi ya San Diego, hawakuwa na wa kuanza kabisa. Warushaji wanane wa bulpeni wakagawana ngwe tisa, Kopech akiwemo, wakashinda 8-0. Flaherty akawanyima Mets wa New York mkimbio kwa ngwe saba katika mechi ya kwanza ya fainali ya ligi, ile inayotangulia fainali kuu, halafu mechi ya tano akachapwa mikimbio minane ndani ya ngwe tatu. Rafiki yangu wa Bukavu, shabiki wa Yankees, akanipigia simu: "Kaka, huyu uliyekuwa unamsifu mbona anafanywa hivi?" Nikamjibu, "Kaka, toa zile saba za kwanza uone Dodgers wangempa nani mpira siku ile." Mwisho wa mwezi Yankees wake ndio waliofungwa fainali kuu, na Dodgers hao hao wakabeba taji.

Kumpima mrushaji mwenyewe

Ushindi na vipigo vilivyoandikwa mbele ya jina lake achana navyo. Mtu anaweza kurusha vizuri akapoteza kwa sababu wenzake hawakupiga. Wastani wa mikimbio kwa ngwe tisa, ile ERA inayotajwa kila dakika, ni wa kuangalia lakini hauaminiki kwa miezi michache, hasa kwa watu wa bulpeni ambao ngwe zao ni chache. Usiku mmoja mbaya unaharibu sura ya mwezi mzima.

Mimi huangalia kwanza vitu viwili: ni asilimia ngapi ya wapigaji anaowatoa kwa straiki tatu, na asilimia ngapi anaowapa bezi ya bure (walk) kwa kurusha mipira minne nje ya eneo la straiki. Ligi kwa jumla siku hizi iko karibu 22 kwa cha kwanza na 8 kwa cha pili. Tofauti ni 14. Aliye juu ya 20 ni mtu wa maana, aliye chini ya 10 anaishi kwa rehema za mabeki wake. Flaherty alipokuwa Detroit mwaka ule alirusha ngwe 106 na auti mbili, akawatoa wapigaji 133 kwa straiki na kutoa bezi za bure 19 tu. Nambari hizo zilimwambia ukweli kila mtu, ingawa mwanzoni mwa Julai mgongo ulikuwa umemkosesha zamu.

Kisha angalia kasi ya mpira mwezi kwa mwezi. Aliyeanza Aprili kwa maili 96 na sasa anarusha 94 ana jambo analolificha, au mkono wake unalificha kwa niaba yake. Kuhusu mkono wa kushoto na wa kulia sitakuchosha: tangu 2020 mrushaji anayeingia lazima akabiliane na wapigaji watatu au amalize ngwe, hivyo yule shoto aliyekuwa anaingizwa kwa ajili ya mpigaji mmoja hana soko tena.

Bei yake

Hapa sisi tuliolelewa na mpira wa miguu huwa tunapotea. Gor Mahia wakimtaka mtu wa AFC Leopards wanatoa pesa. Kwenye besiboli ya Marekani malipo ni wachezaji, hasa vijana wa ligi za chini ambao bado hawajajulikana, na mkataba wa mchezaji unahama naye. Mwenyewe haulizwi. Ataulizwa tu kama mkataba wake una kipengele cha kukataa kuhamishwa, au kama ametumikia ligi kuu miaka kumi, na kati ya hiyo, miaka mitano ya mwisho ameitumikia klabu ileile. Justin Verlander alikuwa na haki hiyo Detroit mwaka 2017, akakubali kwenda Houston dakika za mwisho kabisa za Agosti 31. Akashinda zamu zake zote tano zilizobaki, akawa mchezaji bora wa fainali ya ligi, Houston wakatwaa ubingwa. Mlango ule wa pili, wa Agosti, ulifungwa 2019. Sasa dirisha ni moja tu.

Bei inapangwa na miaka. Mchezaji huwa chini ya klabu kwa misimu sita ya ligi kuu kabla ya kuwa huru. Ambaye mkataba wake unaisha baada ya fainali unamkodi kwa miezi mitatu, na kanuni hazikuruhusu kudai fidia ya nafasi ya ziada ya kuchagua vijana wapya (draft) akiondoka, kwa sababu umempata katikati ya msimu. Mwenye miaka miwili au mitatu mbele ni ghali mara dufu.

Sisi wa Minnesota tulilisomea hilo darasani kwetu Julai 2025, upande wa wauzaji. Ndani ya siku chache bulpeni ikamalizwa: Jhoan Durán, Griffin Jax, Louis Varland, Brock Stewart, Danny Coulombe. Durán anarusha zaidi ya maili 100 kwa saa, yaani kilomita 161, na alikuwa na misimu miwili zaidi baada ya ule. Phillies wa Philadelphia wakamlipia kwa Mick Abel, mrushaji aliyechaguliwa raundi ya kwanza 2020, na Eduardo Tait, mdakaji wa miaka 18. Hiyo ni bei ya ngwe moja ya lala salama. Jax alibadilishwa na Taj Bradley mtu kwa mtu. Lakini aliyeniuma ni Varland, mzaliwa wa hapa hapa Minnesota, ambaye magazeti hayakumpigia kelele. Toronto wakamtumia katika mechi 15 za mtoano, rekodi ya ligi, hadi mechi ya saba ya fainali. Walihitaji mtu wa ngwe ya sita na ya saba kila usiku, wakaenda kumtafuta huyo huyo.

Linganisha na Mets wa wiki ileile. Walikuwa na Edwin Díaz wa kufunga mechi, yaani wa kurusha ngwe ya mwisho, na bado wakamchukua Ryan Helsley, mfunga mechi wa St. Louis aliyebakiza miezi tu kwenye mkataba. ERA yake New York ilipita 7, na Mets hawakufika hata mtoano. Pengo lao kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa ngwe tano za mwanzo.

Ukitaka kujua vijana wanaotolewa wanaweza kuuma kiasi gani, kumbuka Detroit 1987. Doyle Alexander alikuja kutoka Atlanta, akashinda mechi 9 bila kupoteza, wakachukua kundi lao. Mtoto waliyemtoa alikuwa John Smoltz, mshabiki wao wa utotoni kutoka Lansing, ambaye aliingia Jumba la Mashujaa 2015. Mimi biashara ile ningeifanya tena, nikijua hayo yote. Mwaka ule walihitaji zamu 11 na walizipata.

Kama timu yako iko katikati

Kazi ngumu ni ya timu isiyojulikana inakwenda wapi. Detroit walipomtoa Flaherty 2024 walikuwa wamepoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Wakapata vijana wawili, Thayron Liranzo na Trey Sweeney, wakabaki na Tarik Skubal, nyota wao wa kuanza, na kundi la vijana wa bulpeni waliopokezana mpira kila usiku, na kwa maajabu wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2014, Sweeney akicheza beki kati ya bezi ya pili na ya tatu (shortstop). Februari iliyofuata wakamsajili Flaherty tena, akiwa huru. Kwa hiyo timu ya katikati na itoe wale ambao mikataba yao inaisha, isiguse wenye miaka.

Siku yenyewe, 2025 dirisha lilifungwa saa kumi na mbili jioni kwa saa za New York, ambayo Mombasa ni saa saba usiku. Habari zikianza kumiminika, usiangalie tu nani ameingia. Timu ina nafasi 26, na warushaji hawazidi 13, kwa hiyo kila anayeingia anamtoa mwingine. Tafuta jina la anayetoka. Kama bado anaweza kushushwa ligi za chini, hujapoteza kitu, atarudi mtu akiumia. Kama nafasi zake za kushushwa zimekwisha, klabu nyingine inaweza kumchukua bila kukupa mchezaji yeyote, na zile ngwe ulizomwandikia itabidi uzifute kwenye karatasi na kumpa mwingine.