Somo: Kupima ufyonzaji wa sauti ndani ya chumba cha mwangwi

Wengi wakiingia maabara ya sauti hukimbilia chumba kisicho na mwangwi, kile chenye kabari za sponji kila upande na sakafu ya wavu, wasikie mate yao yakishuka kooni. Leo hatuendi huko. Tunaingia chumba jirani, cha zege tupu, ambamo kofi moja linazunguka mpaka unachoka kulisubiri. Una zulia au paneli ya dari, unataka kujua inameza sauti kiasi gani.

Hatua ya 1: Hakiki chumba. Ukitaka kujua mashine inatoa kelele kiasi gani na kuelekea upande gani, nenda kule kwenye kabari. Ukitaka kujua ukuta unazuia kiasi gani, tumia vyumba viwili pacha vyenye uwazi katikati, ukuta wako ukijengwa kwenye uwazi huo. Kwa ufyonzaji uko mahali sahihi, ilimradi chumba kisipungue mita za ujazo 150, ndivyo kiwango cha ISO 354 kinavyotaka.

Hatua ya 2: Hakiki maikrofoni. Ivishe kalibreta ya desibeli 94 kwa hezi 1000. Mita isome 94. Isiposoma hivyo, rekebisha kabla ya kugusa kitu kingine.

Hatua ya 3: Pima chumba kitupu. Washa mvumo kwenye spika, acha sauti ijae, kisha ukate ghafla. Tunachotafuta ni sekunde ambazo sauti inachukua kushuka desibeli 60. Kushuka kote huko ni nadra kuonekana kwa sababu kelele za chini za chumba hufunika mwisho wake, kwa hiyo pima kuanzia desibeli 5 hadi 25 chini ya mwanzo, kisha zidisha mara 3. Hamisha spika na maikrofoni mpaka upate mishuko 12 au zaidi. Ukiona grafu imepinda badala ya kunyooka, usiilazimishe. Kuna kitu kinarindima humo ndani.

Hatua ya 4: Laza sampuli. Mita za mraba 10 hadi 12, kipande kimoja sakafuni, mbali na kuta na mshazari kidogo. Rudia hatua ya 3.

Hatua ya 5: Hesabu. Ufyonzaji = 0.161 × ujazo ÷ muda. Fomula hii ni ya Wallace Sabine wa Harvard, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1895 kwa kubeba mito ya viti usiku kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, akihesabu sekunde.

Tuseme chumba ni mita za ujazo 200. Kikiwa kitupu, kwenye hezi 500, muda ni sekunde 8: unapata mita za mraba 4.0 za ufyonzaji. Ukiweka sampuli ya mita za mraba 10, muda unashuka hadi sekunde 3: unapata 10.7. Tofauti ni 6.7, gawa kwa 10, jibu 0.67, yaani sampuli inameza kama asilimia 67 ya sauti inayoifikia.

MASWALI

*Mkuu, mimi nimepata 1.08. Paneli inameza kuliko inachopewa?*

Hapana, na hukukosea. Fomula inahesabu uso wa juu tu, ilhali mawimbi hujikunja kwenye kingo na ubavuni nako kunameza. Zungushia fremu. Ikibaki juu ya 1, iandike hivyo hivyo, usiipunguze kwa huruma.

*Trei za mayai zitazuia kelele za jirani?*

Hazizuii. Kuzuia kunataka uzito na kuziba nyufa, na trei ni karatasi nyepesi.

*Kitupu nilipima asubuhi, sampuli jioni. Namba za hezi 4000 hazieleweki.*

Hewa nayo inameza sauti, hasa ya juu, na kiasi hubadilika kwa joto na unyevu. Andika vyote viwili kila unapopima, uondoe mchango wa hewa kabla ya kutafuta tofauti. Bora zaidi, pima vyote kwa mfululizo.

*Naweza kukaa ndani wakati wa kupima?*

Toka. Mtu mzima aliyevaa nguo anameza kama nusu ya mita ya mraba, na chumba kizima kwenye mfano wetu ni 4 tu. Mimi niliwahi kusahau koti zito kwenye stendi ya maikrofoni, nikarudia mishuko yote 12.