Kusafisha na kutunza roboti ya minyororo ya kukagua mabomba ya maji taka

Roboti ya kukagua mabomba imeundwa ivumilie tope, maji na giza, na ni nadra kuharibika ikiwa kazini. Kinachoimaliza ni unyevu unaoingia baadaye, inapooshwa ovyo au kufunguliwa mahali pasipofaa, na kwa sisi wa Dar es Salaam, tunaofanya kazi katika hewa yenye unyevu na chumvi ya bahari, usafi wake hauna budi kufuata utaratibu.

Hatua ya kwanza hufanyika pale pale kwenye chemba. Foleni ya Barabara ya Mandela inatosha kukausha tope na mafuta ya kupikia juu ya raba hadi yashike kama saruji, kwa hiyo usisubiri kufika karakana. Kebo inapovutwa, ipitishe ndani ya kitambaa chenye maji huku umevaa glavu, ukipapasa kama ganda lake limechanika. Zima umeme kabla ya kugusa minyororo. Kitu kikidondoka ndani, usimruhusu mtu kukifuata bila kipima gesi na vifaa vya uokoaji, maana salfidi ya hidrojeni hutua chini na kuitia pua ganzi, ikaonekana kana kwamba harufu imekwisha.

Mkifika karakana, funika soketi zote kwa vifuniko vyake kabla tone la kwanza la maji halijamwagwa. Osha kwa mpira wa kawaida, brashi laini na sabuni isiyo kali. Mashine ya presha ya kuoshea magari siipendekezi hata kidogo, kwa sababu husukuma maji kupita sili, yaani vizibo vya raba vinavyozuia maji kuingia ndani. Kisha paka dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, subiri muda uliotajwa, na uisuuze vizuri, kwani ikibaki hula alumini.

Baada ya hapo kagua minyororo. Nywele, nyuzi na vipande vya mifuko hujizungusha kwenye shafti nyuma ya gurudumu la meno, mahali ilipo sili, nawe uvitoe kwa kibano badala ya kisu. Mnyororo uliokazwa kupita kiasi huchosha mota na beringi. Uliolegea huchomoka kwenye maungio ya bomba, mbali na chemba, kwa hiyo fuata kipimo cha mtengenezaji.

Kioo cha kamera kisuuzwe kwanza ndipo kifutwe, la sivyo mchanga utakikwaruza. Petroli na thina zisikiguse, kwa kuwa hupasua vioo vya plastiki.

Kazi inayodai uangalifu zaidi ni ya soketi na oringi, yaani pete za raba za kuzuia maji. Rangi ya kijani kwenye pini ni dalili kwamba shaba imeanza kuliwa. Toa oringi kwa kijiti cha plastiki, ifute, kisha izungushe polepole kati ya vidole chini ya taa: iliyobapa au yenye ufa hutupwa, na unywele mmoja uliolala juu yake unatosha kupitisha maji. Paka grisi nyembamba ya aina iliyotajwa na mtengenezaji. Mafuta ya mgando ya kujipaka hufurisha baadhi ya raba.

Aina nyingi za roboti hizi hujazwa naitrojeni kavu, ili presha ya ndani iwe juu kuliko ya nje na maji yasipate njia. Soma geji jioni, uisome tena asubuhi ndani ya chumba kile kile, kwa sababu roboti iliyoachwa juani huonyesha presha ya juu isiyo ya kweli. Ikishuka, paka povu la sabuni kwenye maungio utafute viputo. Usijaze upepo wa fundi wa matairi, ambao hubeba mvuke unaokuja kuganda kwenye kioo bomba likiwa na ubaridi. Ukilazimika kuifungua, fanya hivyo katika chumba ambacho kiyoyozi kimekwisha kukikausha, na kabla ya kuifunga pitisha naitrojeni ili kuifukuza hewa iliyoingia.

Ihifadhi ikiwa kavu kabisa, na wakati wa masika ongeza vijipakiti vya kufyonza unyevu ndani ya sanduku. Andika daftarini presha ya kila siku na kila oringi au sili iliyobadilishwa. Sili ya shafti ile ile ikivuja tena baada ya kubadilishwa, chunguza shafti yenyewe, kwani mchanga hulichimba chuma mfereji mwembamba ambao sili mpya haiwezi kuuziba.