Namna ya Kusoma na Kurahisisha Mtajo wa Aljebra

Mtajo wa aljebra ni mkusanyiko wa namba, herufi na alama za matendo ya hisabati, usio na alama ya usawa. Tumchukue mchuuzi anayeshusha mzigo kutoka Kibosho hadi soko la Mbuyuni, Moshi, ambaye ameuza mikungu 5 ya ndizi na ndoo 3 za parachichi, kisha akalipa nauli ya shilingi 2,000. Kwa kuwa bei hupanda na kushuka, tunaandika m kwa bei ya mkungu mmoja na p kwa bei ya ndoo moja, na fedha inayombakia inakuwa 5m + 3p − 2,000.

Herufi m na p ni vigeu, yaani herufi zinazosimama badala ya namba inayoweza kubadilika, na hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea: m si mkungu, bali ni idadi ya shilingi zinazolipwa kwa mkungu. Anayesoma 5m kama “mikungu mitano” hatapata shida mpaka aambiwe kwamba m ni 12,000, ndipo utakapomwona akiandika 512,000, ilhali kati ya 5 na m kuna alama ya kuzidisha iliyoachwa tu, na jibu ni 60,000. Namba 2,000 haibadiliki hata bei zikibadilika. Ikiwa p ni 9,000, mtajo wote una thamani ya 85,000, mradi ufuate MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), yaani hapa uzidishe kabla ya kujumlisha na kutoa.

Kurahisisha ni kuunganisha vipande vyenye herufi zilezile zilizo katika kipeo kilekile (kipeo ni namba ndogo ya juu, kama 2 katika m², yaani m × m). Katika 9p − 4m + 2m − p, kila kipande husogezwa pamoja na alama iliyo mbele yake, na p iliyo peke yake huhesabiwa kuwa 1p, kwa hiyo tunapata 8p − 2m. Hapo kazi imekwisha. 8p na 2m haviunganiki, na hakuna “6pm” ya kutafuta.

Vivyo hivyo, 2m na m² ni vitu viwili tofauti. Ukitaka kuhakiki kwa kuweka namba badala ya m, usichague 2, maana zote mbili zitakupa 4 na utadanganyika. 3 inatoa 6 na 9, na tofauti inaonekana mara moja.

Alama ya usawa ikiingia, kama katika 5m − 2,000 = 58,000, huo si mtajo tena bali ni mlinganyo, na sasa ndipo inapofaa kuitafuta m: jumlisha 2,000 pande zote mbili, kisha gawanya kwa 5, upate 12,000. Swali likisema “rahisisha”, usianze kutafuta thamani ya m, kwa sababu hakuna aliyekupa usawa wowote wa kuitafutia.